Nyota, kistari na mustari mutupu: namna komunike inageuka ukurasa wa intaneti

Tuseme mama moja wa Nizi anasoma hivi ku telefone yake: «Chanjo ya watoto: Kilo Jumatatu Nizi Jumanne Mongbwalu Jumatano». Aende siku gani? Kama anasoma mbio, macho yanashika «Jumatatu Nizi», na anabeba mutoto siku moja mbele ya wakati. Lakini mwenye kuandika ile komunike alipanga vizuri, kila pahali ku mustari wake. Mistari iliungana njiani, wakati maandishi yalikuwa yanageuzwa kuwa ukurasa.

Ni mufano tu, lakini kitu kama hiki kinafikaka. Na kwa sababu komunike za matanga, chanjo, masomo na usalama zinapita sasa ku maikro na ku intaneti pamoja, ni vizuri kujua ile mashini inafanya nini.

Tuanzie ku kitu kila mutu anajua. Ndani ya WhatsApp, ukiandika *haraka* na nyota mbele na nyuma, neno linatokea nene na nyota zinapotea. Telefone imesoma alama, imeelewa unataka nini, kisha imeficha alama. Kugeuza maandishi kuwa ukurasa wa intaneti ni kazi ya namna ile, ila ni kubwa zaidi.

Alama zenye zinatumika sana kwa ile kazi zinaitwa Markdown. Mumarekani John Gruber alizitoa mwaka 2004, na kijana Aaron Swartz alimusaidia kufikiri. Hawakuleta mambo mapya sana; waliokota ginsi watu walikuwa wanapanga barua-pepe zao tangu zamani. Alama ya # na nafasi mwanzo wa mustari inasema: hiki ni kichwa. Kistari na nafasi: hii ni orodha. Mustari mutupu: fungu limeisha, lingine linaanza. Wikipedia ya Kiswahili, yenye ilianza mwaka 2003, iko na alama zake zingine, lakini wazo ni moja.

Programu inasoma zile alama na inaandika yote upya katika HTML, lugha ya kurasa yenye Tim Berners-Lee alianzisha kule CERN, Uswisi. HTML inasema tu kitu ni nini: kichwa, fungu, orodha. Rangi, ukubwa wa herufi na nafasi ya pembeni ni kazi ya CSS, yenye Håkon Wium Lie wa Norwe alipendekeza mwaka 1994. Tuseme HTML ni mwili, CSS ni nguo. Redio ikiwa na komunike mia moja, inashona nguo moja tu na zote zinaivaa. Ukitaka herufi zikuwe kubwa kwa wazee, unabadilisha pahali pamoja.

Kuna programu za bure za kufanya hii kazi. Moja ni Pandoc, yenye John MacFarlane alitoa mwaka 2006. Yeye ni mwalimu wa falsafa, si fundi wa ordinatere, na mimi hii inanifurahisha. Inatumika bila rezo. Kwa sisi wa huku, ni jambo kubwa: unaandika na kugeuza bila konekisio, kisha unangoja rezo irudi ili kutuma.

Lakini watu wengi wanasema: ju ya nini kusumbuka, piga picha ya karatasi na kutuma? Hesabu ni hii. Komunike ya maneno 300 ni kama kilo-okteti 2 (kilo hii si Kilo yetu ya dhahabu). Picha ya karatasi ile, ikitoka moja kwa moja ku kamera, inaweza kufika mega 2, ni kusema mara elfu moja. Ukurasa uliovaa nguo unaongeza uzito, lakini kidogo. Na picha, kipofu mwenye telefone inayomusomea hawezi kuisikia vizuri, na mutu mwenye anatafuta jina la ndugu yake hawezi kulitafuta ndani.

Sasa turudi Nizi. Kwa Markdown, kushuka mustari mara moja si kitu. Programu inaona ni fungu lile lile na inaunganisha. Dawa ni kuacha mustari mutupu mbele ya orodha, kisha kuandika kila pahali na kistari:

- Kilo: Jumatatu
- Nizi: Jumanne
- Mongbwalu: Jumatano

Na ile nukta mbili kati ya pahali na siku usiiache, hata kama mistari itaungana musomaji bado ataelewa.

Mutego mwingine uko ku namba. Ukitaja artikle za sheria mwanzo wa mistari, 4. kisha 7. kisha 9., programu inashika namba ya kwanza tu na inahesabu yenyewe: 4, 5, 6. Watu watasoma artikle zenye hukutaja! Andika «Artikle ya 7» kwa maneno. Nyota za WhatsApp nazo zinadanganya: kule nyota moja inanenepesha neno, lakini ku Markdown moja inalilaza tu, kunenepesha kunaomba mbili kila upande.

Na kama Iga-Barrière inatokea na herufi zenye kuharibika, usifute kwa mukono jina moja moja. Maandishi yamehifadhiwa namna moja, yanasomwa namna ingine. Hifadhi fishie kwa UTF-8, ugeuze tena, na uifungue kwanza ku telefone ndogo, ile ya kioo kilichopasuka, mbele ya kuituma.