Ulaini wa Nyama Hauletwi na Kitambaa cha Meza

Jioni, watu wakitoka kuswali Magharibi, moshi wa mishkaki hupanda katika vichochoro vya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Mteja huagiza vijiti vyake, akala kwa ukwaju na pilipili akiwa amesimama. Jiko lile la makaa linatatua swali lile lile linalotatuliwa na mkahawa wa steki wa bei ghali: msuli mgumu wa ng'ombe utalainishwaje?

Ugumu huanzia kwa mnyama mwenyewe. Ng'ombe wetu wengi, pamoja na Boran na wale wa Waorma wa Tana River, ni wa jamii ya zebu, wenye nundu. Hutembea mbali kutafuta malisho, kwa hiyo nyama yao ina ladha nzito lakini mafuta machache kati ya nyuzinyuzi. Tena, misuli ya zebu ina kalpastatini nyingi, protini inayozuia vimeng'enya viitwavyo kalpeini. Kalpeini ndizo zinazokatakata nyuzinyuzi za nyama baada ya mnyama kuchinjwa.

Saa chache baada ya kuchinjwa, msuli hukakamaa, na kwa ng'ombe ukakamavu huo hufikia kilele karibu siku ya kwanza. Baada ya hapo kalpeini hufanya kazi polepole. Nyama ikihifadhiwa kwenye nyuzijoto 0 hadi 4 za Selsiasi, sehemu kubwa ya ulaini hupatikana kati ya siku 7 na 14. Steki bora hugharimu zaidi kwa sababu mwenye mkahawa amelipia siku hizo za chumba cha baridi.

Sisi wa pwani tumelelewa kuthamini nyama ya leo. Kabla ya friji, katika joto letu, hiyo ilikuwa hekima tupu, kwani nyama ya jana ilikuwa hatari. Kosa limekuja na friza. Nyama iliyochinjwa alfajiri ikigandishwa asubuhi ile ile, kabla haijamaliza kukakamaa, nyuzinyuzi zake hujikunja kwa nguvu wakati wa kuyeyuka, na hakuna moto utakaozinyoosha. Wengi humlaumu muuza nyama kwa ugumu walioutengeneza wenyewe nyumbani.

Mchoma mishkaki hana wiki mbili za kungoja, ila ana papai bichi. Utomvu wake una papeini, kimeng'enya kinachovunja protini za nyuzinyuzi na hata kolajeni, protini ya tishu zinazofunga msuli. Papeini huchacharika zaidi nyama inapofikia nyuzijoto 60 hadi 70, yaani ikiwa tayari juu ya makaa. Vipande vidogo husaidia, kwa kuwa papai haliingii ndani sana. Saa chache zinatosha. Ikilala usiku kucha, nje hugeuka rojo.

Steki nene haihitaji papai ikiwa imetoka kwenye sarara, msuli wa kiunoni usiofanya kazi nyingi. Ikaushe maji, kwa sababu rangi ya hudhurungi na harufu ile tamu hutokea juu ya nyuzijoto 140, na sehemu yenye maji haipandi kupita 100. Ikiiva, ipumzishe dakika 5 kabla ya kuikata, ukikata kinyume na nyuzinyuzi. Kidari na mguu vina kolajeni nyingi. Viache kwa mchuzi wa moto mdogo, ambako kolajeni hugeuka jelatini.

Kwa hiyo anayetaka kufungua mkahawa wa steki kisiwani, mahali pa kuja na kandambili na watoto, asihofu kuondoa vitambaa vya meza na wahudumu wenye tai. Fedha hizo aziweke kwenye chumba cha baridi, kisu kikali na mtu anayejua makaa. Wateja wa Mombasa tayari wanajua kula nyama nzuri bila adabu za hotelini; wamefunzwa na Kibokoni.

Nawe wa nyumbani, ukifika buchani uliza swali moja kabla ya bei: imechinjwa lini? Ikiwa ni ya leo, ifunike, iweke chini kabisa ndani ya friji, na uipe siku 2 kabla ya kuwasha jiko.