Kushinda kesi si kulipwa: Mfanyabiashara adai nini mahakamani?

WAFANYABIASHARA wengi waliodhulumiwa huingia mahakamani na hoja moja tu: wamepata hasara, walipwe. Baadhi yao hutoka wameshinda kesi, lakini fedha walizopewa hazifikii hata nusu ya walizotarajia. Mara nyingi kosa si la hakimu. Kosa ni namna madai yalivyoandikwa, na karatasi zilizokosekana siku ya ushahidi.

Kwa sheria za Tanzania, fidia ya kuvunjwa mkataba haitolewi ili kumtajirisha mdai wala kumkomoa mdaiwa. Shabaha yake ni kumweka aliyeumizwa pale ambapo angekuwa kama mwenzake angetimiza ahadi. Msingi huo umo katika Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872.

Hesabu ya magunia 200

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeagiza magunia 200 ya mahindi kutoka Kibaigwa kwa sh. 60,000 kila gunia. Anatanguliza sh. milioni 4. Siku ya kupakia, muuzaji anasema mzigo umekwisha, kumbe kamuuzia mwingine. Bei sokoni siku hiyo imepanda hadi sh. 75,000.

Mnunuzi huyo ana mambo matatu ya kudai. Kwanza, arudishiwe sh. milioni 4 alizotanguliza. Pili, tofauti ya bei ya mkataba na bei ya soko siku mzigo ulipotakiwa kutolewa, yaani sh. 15,000 mara magunia 200, sawa na sh. milioni 3. Tatu, gharama ya lori lililorudi tupu. Likiwa lilikodiwa kwa sh. 900,000, jumla ya madai ni sh. milioni 7.9.

Tuseme basi hakununua kwingine, akakaa mwezi mzima akinung'unika hadi gunia likafika sh. 90,000. Ile sh. milioni 3 ya ziada ni yake mwenyewe. Sheria humtaka aliyeumizwa achukue hatua za busara kupunguza hasara, si kuiacha ikue ili mwenzake aje ailipe.

Na kama alikuwa na zabuni nono ya kulisha shule, ikampotea kwa kukosa mahindi? Jibu lilitolewa Uingereza mwaka 1854 katika kesi ya Hadley na Baxendale, ambayo mahakama za Afrika Mashariki huitegemea hadi leo. Kinu cha kusaga cha Gloucester kilivunjika mtaimbo wake. Msafirishaji akachelewa kuufikisha Greenwich, ambako ulitakiwa utumike kama kielelezo cha kutengenezea mwingine. Kinu kikakaa bila kazi. Wenye kinu walidai faida waliyokosa, wakaikosa, kwa kuwa msafirishaji hakuwa ameelezwa kwamba bila mtaimbo ule kazi yote ingesimama.

Funzo ni kwamba hasara isiyo ya kawaida hulipwa tu ikiwa mwenzako aliijua mlipofunga mkataba. Mwenye zabuni aiandike ndani ya mkataba.

Hasara ya risiti na fidia ya jumla

Wanasheria hugawa fidia mafungu mawili. Hasara mahususi ni ile inayohesabika: nauli, kodi ya ghala, mzigo uliooza. Hii lazima itajwe kwa tarakimu katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilisisitiza kanuni hiyo mwaka 1992, na imeirudia mara nyingi baadaye. Lori la sh. 900,000 lisilo na risiti laweza kufutwa lote, hata kama kila mtu anajua liliondoka.

Fidia ya jumla, kwa upande mwingine, hukadiriwa na mahakama yenyewe kwa usumbufu na madhara yasiyopimika. Kuijaza tarakimu kubwa katika madai hakumfungi hakimu.

Wengine hutegemea faini waliyoiandika ndani ya mkataba. Nayo si uhakika. Mkataba wa sh. milioni 5 wenye faini ya sh. milioni 10 hauwapi sh. milioni 10 moja kwa moja. Mahakama hutoa kiasi inachoona ni halali, na kiwango kilichoandikwa huwa ndiyo dari.

Nafuu zisizo fedha

Kuna wakati fedha hazitoshi. Kiwanja kilichouzwa mara mbili hakifanani na kingine, hivyo mahakama yaweza kuamuru muuzaji atekeleze mkataba. Kwa mahindi ni vigumu kupata amri hiyo, kwani mahindi mengine yapo sokoni.

Mali ikiwa hatarini kabla ya hukumu, mdai huomba zuio la muda. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969, mwombaji huonyesha mambo matatu: ana hoja nzito ya kusikilizwa, atapata madhara yasiyofidika kwa fedha, na ataumia zaidi kuliko mdaiwa zuio likikataliwa. Mdaiwa akionekana anahamisha mali ili kukwepa hukumu, yaweza kuombwa ikamatwe mapema.

Saa inakimbia

Madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na ya madhara yasiyotokana na mkataba, kama uzembe, kwa kawaida ndani ya miaka 3. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya. Ahadi za kwenye simu hazina nguvu hiyo.

Baada ya hukumu, riba ya kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango walichokubaliana kisichozidi asilimia 12. Pale bei zinapopanda kwa kasi kuliko hiyo, mdaiwa anayechelewesha ndiye hunufaika. Kukaza hukumu nako kuna gharama: kutafuta mali ya kukamatwa, kumlipa dalali wa mahakama, na anayetaka mdaiwa afungwe gereza la madai hulipia posho yake ya kujikimu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kesi lisiwe kama atashinda. Liwe kama mdaiwa ana mali inayokamatika. Asipokuwa nayo, makubaliano ya kulipa kwa awamu, yakisajiliwa mahakamani, yaweza kuwa na thamani kuliko hukumu ya mamilioni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakamani ndiko msemo huo unakothibitishwa kila siku.