Tuuache Huo Mlango

Kila semina ya mameneja ina swali hili: "Mlango wangu uko wazi saa zote, mbona wafanyakazi hawaji kunieleza matatizo?" Ndugu zangu, tuuache huo mlango.

Machi 27, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, ndege ya KLM ilianza kukimbia ili iruke, ukungu umetanda, nayo ya Pan Am ingali kwenye njia hiyo hiyo. Mhandisi wa ndege ya KLM alikuwa chumba kimoja na rubani mkuu, nyuma yake tu. Aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mkufunzi aliyeheshimiwa na kampuni nzima, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakusisitiza. Ndege ziligongana, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini shaka ambayo ingewaokoa ilishatamkwa mle ndani, na hapakuwa na mlango kati yao.

Kinachomfunga mtu mdomo ni hesabu anayoipiga: aliyesema mara ya mwisho alifanywa nini? Tena, anayeingia kwa bosi huonekana na ofisi nzima. Katibu muhtasi humuuliza shida yake. Akitoka, wenzake wameshamwita mnoko. Ndiyo maana mlango wazi huingiwa na wale wale wanaojipendekeza, na meneja akaamini kwamba sasa anaijua hali ya kazi. Hilo ndilo linaloniudhi: anajua kidogo kuliko aliyejifungia, maana huyo walau hajadanganywa. Sanduku la maoni nalo halimrudishii mtu jibu.

Baada ya ajali kama ile ya Tenerife, mashirika ya ndege yalibadili mafunzo. United ya Marekani ilianza mwaka 1981: rubani mkuu ajifunze kusikiliza, wa chini yake ajifunze kushikilia hoja.

Wewe nenda walipo: kaunta, karakana, zamu ya usiku, bila msafara. Uliza, "Wiki hii nini kimekukwamisha?" Kikaoni zungumza wa mwisho. Aletaye habari mbaya mshukuru kabla ya kumhoji. Usiulize "Nani kakwambia?" Rudi na jibu, hata likiwa hapana.

Na kama yupo uliyemhamisha au kumnyima safari kwa sababu alikwambia ukweli, wafanyakazi wako wanamkumbuka kwa jina. Anza kwa kumwomba radhi, mbele yao.