Mzee Mudimbi na Ahadi ya Miezi Kumi na Minane

Asubuhi za kiangazi, njia itokayo Kindu kuelekea Kibombo hupitwa na watu wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, zilizosheheni hata mwenyewe haonekani ila kofia yake: gunia la mchele nyuma, bidoni za mawese ubavuni, na mara nyingine, katikati ya mizigo hiyo, furushi la Biblia na vitabu vya nyimbo lililoviringishwa kwa plastiki lisije likalowa vivukoni. Wenye furushi hilo ni watu wa kanisa waendao kuhubiri vijijini. Nimewatazama mara nyingi, na kila niwatazamapo hunijia fikira ya msafara mwingine, ulioingia nchi ya Watetela zaidi ya miaka mia iliyopita.

Kwa ajili ya msomaji aliye mbali, Kindu ni mji mkuu wa Maniema, kwenye ukingo wa kushoto wa Lualaba, mahali ambapo adhana na kengele husikika asubuhi moja, na ambapo Kiswahili kililetwa na misafara ya Unguja zama za Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye maskani yake yalikuwa Kasongo. Misafara ile ilileta lugha na biashara, ikaleta pia minyororo. Na wenyeji waliouona msafara wa wageni ukitokea mwituni walikuwa na kila sababu ya kuuogopa.

Mwishoni mwa 1911 waliondoka Luebo, kituo cha Wapresbiteri kule Kasai, wageni wawili wa Kimethodisti kutoka kusini mwa Marekani. Mmoja alikuwa Askofu Walter Russell Lambuth, mwana wa wamishenari, mzaliwa wa Shanghai, ambaye umri wake ulikuwa umefika miaka 57. Mwenziwe alikuwa John Wesley Gilbert, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani huko Georgia, akasoma hata akawa mwalimu wa Kiyunani katika Chuo cha Paine, mjini Augusta, tena alishiriki kufukua magofu ya Eretria, Ugiriki. Hebu tulitafakari jambo hili kwa makini: mtu aliyezaliwa katika minyororo ya ng'ambo ya bahari anatembea kwa miguu, kwa hiari yake, akiielekea nchi ambayo minyororo ilikuwa bado haijasahauliwa. Katika habari zote za misheni za upande wetu huu, sijui picha inayonigusa kuliko hiyo.

Lakini si elimu ya Gilbert wala cheo cha askofu kilichowafungulia mlango. Tarehe 1 Februari 1912 walipofika kijijini kwa chifu Wembo-Nyama, ambaye sifa yake ya ukali ilikuwa imewatangulia, miongoni mwa watu wao alikuwamo Mudimbi, mwinjilisti wa Luebo, na chifu alipomtazama usoni akamtambua kuwa ni rafiki yake wa zamani. Hapo hofu ikageuka kuwa ukarimu. Wageni wakapewa mahali pa kulala na chakula, kwa heshima ya mtu ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja kisha vikampita. Wapagazi waliochukua mahema na masanduku hawakupata hata mstari huo, nami nasikitika kwamba siwezi kuwataja kwa majina yao.

Wakati wa kuagana, Lambuth aliahidi kurudi baada ya miezi kumi na minane, akihesabu kwa miandamo ya mwezi kama wenyeji walivyohesabu. Muda ukapita. Ilipofika Februari 1914, miaka miwili tangu ziara ya kwanza, askofu alirudi pamoja na familia tatu za wamishenari, na chifu aliyekuwa amesubiri hakuwa amewafungia mlango. Gilbert hakuwamo. Kanisa lake lilikuwa na nia ya kupeleka watu, lakini utawala wa Wabelgiji haukupenda kuwaona wamishenari weusi wa Marekani katika koloni. Akafariki dunia 1923 bila kuiona Kongo tena.

Wembo-Nyama leo imo katika Sankuru, lakini Watetela hawaishii kwenye mpaka wa jimbo hilo, na tawi la kazi ile lilifika Tunda, katika eneo la Kibombo, ambako Wamethodisti walijenga hospitali. Kindu yenyewe sasa ni makao ya askofu wao.

Si misheni zote huenda kwa miguu namna ile: siku hizi makanisa mengi ya Marekani hutuma vijana wao kwa juma moja katika vijiji vya Wamaya kule Guatemala, wapake rangi shule au wachimbe kisima, kisha wapande ndege warudi kwao. Sidharau juma moja la kazi njema. Ila watu wetu wa kinga huenda kwa mwendo wa wapagazi, wakilala njiani, wakila bugali na sombe kwa waliowapokea. Na nimeona kwamba wafikapo, mhubiri huachwa kwanza asimame kivulini akijipangusa vumbi, huku mama wa nyumba akimwendea yule kijana aliyesukuma mzigo, akimshika mikono yote miwili na kumuuliza habari za shangazi yake.