Je, Wajua? Tangazo Huuza Mara Moja

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuipime kauli hiyo tukianzia Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania.

JE, WAJUA mchele wa Kyela ulijipatia jina kwa harufu yake, si kwa mabango? Sasa jina hilo hutumiwa kuuzia hata mchele wa kwingine. Mlaji huujua ukweli sufuria inapofunuliwa.

JE, WAJUA vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa kwa mkono na wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufika soko la Matema kwa mitumbwi? Gonga chungu kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Hapo tangazo halisaidii.

JE, WAJUA huduma ya pesa ya simu ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania Aprili 2008, lakini huku mwanzoni ilisuasua? Huduma ilikuwa ileile. Mtandao wa mawakala ndio uliochelewa kukomaa. Pesa ya simu isiyo na wakala wa kuitoa haimfai mkulima wa kijijini, hata isifiwe vipi.

JE, WAJUA mwaka 2014 wateja wa mitandao ya simu ya Tigo na Airtel walianza kutumiana pesa moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga 2016? Kabla ya hapo, wengi walichagua laini kwa kufuata mtandao wa ndugu zao.

JE, WAJUA kanda za video za Betamax za Sony (1975) zilisifiwa kwa picha nzuri, lakini zikashindwa na VHS za JVC (1976)? Kanda ya kwanza ya Betamax ilirekodi saa 1. Ya VHS, saa 2. Mnunuzi alitaka filamu nzima.

JE, WAJUA kampuni ya simu ya Tecno ilipaka maduka mengi ya Afrika rangi yake ya buluu? Lakini pia ilileta simu za laini mbili, betri ya kudumu na kamera inayoijali ngozi nyeusi.

JE, WAJUA tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini? Nyingi zilibeba majina makubwa. Jina liliuza, simu ikazimwa.

Hukumu yetu: tangazo humleta mteja dukani, ubora humrudisha, na hata kizuri lazima kimfikie mtu alipo. Basi ukinunua simu Kyela mjini au Kasumulu, bonyeza *#06# kabla ya kulipa, linganisha tarakimu 15 za utambulisho wa simu utakazoona na zilizo kwenye boksi, kisha dai risiti na waranti.