Lenzi Ndogo Yenye Mwanya Mkubwa Ndiyo Ifaayo Shule

Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Methali hii hunijia akilini kila niwaonapo walimu na wanafunzi wakikodolea macho kamera nene, yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto, huku wakiamini kwamba picha nzuri hutokana na ukubwa wa chombo. Imani hiyo imezigharimu shule nyingi fedha ambazo hazikupatikana kwa urahisi.

Muhula uliopita mwalimu mmoja, mlezi wa chama cha uandishi wa habari katika shule ya upili, alinijia kutaka ushauri. Wanachama wake walikuwa wamejikusanyia fedha kwa mwaka mzima kwa kuuza nakala za jarida lao na kuosha magari siku za wazazi kuzuru shule. Sasa walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lilitaka kamera mpya mahali pa ile kuukuu waliyo nayo. Kundi la pili lilitaka lenzi ndefu ya zumu, iwezayo kumvuta mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja. Fedha zilikuwa kidogo mno hata kwa moja la mambo hayo, ila kwa kukopa.

Nilimwomba anionyeshe picha walizokwisha kupiga. Akatoa zile za siku ya kuwatuza wanafunzi bora, shughuli iliyofanyika jioni katika ukumbi wa maakuli. Katika picha moja, msichana wa kidato cha nne anapokea kikombe, mamake akiwa kando. Mkono wa msichana umekuwa kama moshi, na uso wake hauonyeshi macho wala tabasamu. Katika nyingine flashi imewaka: nyuso za walio mbele zinang'aa kana kwamba zimepakwa mafuta, na nyuma yao ukumbi mzima umemezwa na giza. Msichana huyo amekwisha kuhitimu. Siku ile haitarudi, na mamake hana kumbukumbu nyingine ila picha hizo.

Nilipomwuliza mwalimu chanzo cha kasoro hizo, alijibu kwamba kamera yao imezeeka. Hapo ndipo tunapokosea. Kamera ile haikuwa na hatia. Kilichokosekana ni mwanga, na mlango wa mwanga ni lenzi.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utaratibu wa darasani. Ndani ya lenzi mna mwanya unaoweza kupanuliwa au kufinywa kama mboni ya jicho. Ukubwa wake huandikwa kwa namba inayotanguliwa na herufi f, nayo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha mwanya. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, mwanya ni mkubwa. Chukua lenzi ya milimita 50. Kwa f/1.8 kipenyo cha mwanya ni milimita 28 hivi, kwa f/5.6 ni milimita 9 tu. Mwanafunzi wa hisabati akilinganisha maeneo ya duara hizo mbili ataona kwamba ya kwanza huingiza mwanga karibu mara kumi ya ya pili.

Basi lenzi za zumu ziuzwazo pamoja na kamera za bei nafuu, zile za milimita 18 hadi 55, mwanya wake hupungua hadi f/5.6 zinapovutwa mpaka mwisho. Katika ukumbi wenye taa hafifu, kamera italazimika kuuacha wazi mlango wake wa ndani, yaani shata, kwa muda wa sehemu moja ya 15 ya sekunde. Katika muda huo mtu anayetoa mkono apokee zawadi amekwisha kusogea, na kusogea huko ndiko huko kuliko kama moshi pichani. Kwa f/1.8, mwanga ule ule huruhusu shata kufungwa kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, au chini kidogo ya hapo. Mkono unatulia, macho yanaonekana, na flashi haihitajiki. Ndiyo maana mafundi huiita lenzi ya namna hii lenzi ya kasi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi wenye ngozi nyeusi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ukuta mweupe ulio nyuma ya mwanafunzi. Mpiga picha akikosa mwanga, kinachopotea kwanza ni sura za watoto wetu, ilhali kuta, vitambaa vya meza na mashati meupe huonekana barabara. Nimeona majarida mengi ya shule ambamo sare zinatambulika kuliko wenyewe waliozivaa. Hilo si jambo dogo.

Sasa lenzi ninayoipendekeza haivuti wala kurudisha. Ina urefu mmoja tu wa fokasi. Wengi huiona kuwa pungufu kwa sababu hiyo, kumbe upungufu huo ndio asili ya urahisi wake. Msingi wa lenzi nyingi za milimita 50 ni muundo uitwao Planar, uliobuniwa na Paul Rudolph katika kampuni ya Carl Zeiss, Ujerumani, mwaka 1896. Vioo vyake ni vichache, na viwanda vimeitengeneza kwa wingi miaka nenda miaka rudi. Lenzi ya Canon ya milimita 50 f/1.8 iliyotolewa mwaka 2015 ina vioo sita na uzito wa gramu 160 hivi. Ilinganishe na zumu ya Canon ya milimita 75 hadi 300 iliyotamaniwa na lile kundi la pili: hiyo ina gramu 480, na ikivutwa hadi mwisho mwanya wake ni f/5.6. Ni nzito mara tatu, na ukumbini ni kipofu.

Kuna watakaosema kwamba ikiwa f/1.8 ni nzuri, basi f/1.4 au f/1.2 ni bora zaidi. Ni kweli kwamba zipo, lakini f/1.4 huongeza mwanga kwa kiasi cha mara moja na nusu au zaidi kidogo, ilhali bei yake hupanda kupita kiasi hicho. Lenzi ya f/1.2 ni ya tajiri au ya mwenye kupata riziki kwa kamera. Shule isijitie katika mashindano hayo.

Swali gumu ni urefu upi ununuliwe. Hapa wengi huteleza. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, na kwa hiyo lenzi ya milimita 50 huona eneo jembamba. Ukisimama mita tatu kutoka kwa wanafunzi na kamera ya Nikon ya namna hiyo, lenzi ya 50 itakuonyesha upana wa mita 1.4, yaani watu wawili waliokaribiana. Lenzi ya 35 itakuonyesha mita mbili. Darasani, ambapo mpiga picha ana ukuta nyuma yake na madawati mbele, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa ajili hiyo, mwenye Nikon yenye kihisi kidogo atafute lenzi ya 35 f/1.8 ya mwaka 2009, yenye uzito wa gramu 200. Mwenye Canon anaweza kutazama lenzi ya 35 f/2 ya kampuni ya Yongnuo ya Uchina, au akubali kutumia 50 na kurudi nyuma hatua mbili.

Ipo njia ya kuamua isiyogharimu hata senti. Chukueni zumu mliyo nayo, mweke alama ya 35, mfunge mzingo wake kwa utepe wa gundi, kisha mpige picha kwa wiki nzima bila kuugusa. Wiki ya pili mfanye vivyo hivyo kwa 50. Mtakaporudi kuzitazama picha hizo pamoja, mtajua ni urefu upi unaoiona shule yenu jinsi mnavyoiona ninyi.

Kabla ya kulipa, hakikisheni mambo machache. Kamera ndogo za Nikon zenye kioo, kama vile D3500 na D5600, hazina mota ya kulenga ndani yake. Mkiziwekea lenzi ya zamani yenye alama ya AF-D, itawabidi mlenge kwa mkono. Lenzi za Canon zenye alama ya EF, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1987, huingia katika kamera zote za EOS zenye kioo, lakini kwa zile mpya zisizo na kioo zinahitaji kiungo cha katikati. Mkinunua iliyotumika, na sioni aibu yoyote kununua iliyotumika, mulikeni tochi upande mmoja wa lenzi na kuchungulia upande wa pili. Mkiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na hupatikana sana katika lenzi zilizokaa mahali penye unyevu kama vile mwambao wa pwani. Iacheni. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele si hoja sana. Fauka ya hayo, waulizeni wazee nyumbani. Katika miaka ya 1970 na 1980 kamera nyingi za filamu ziliuzwa pamoja na lenzi ya milimita 50, na baadhi ya lenzi hizo zingali zimelala kabatini zikiwa nzima.

Haitakuwa haki kuisifu lenzi hii bila kutaja hila yake. Mwanya ukifunguliwa wote, sehemu ya picha iliyo wazi huwa nyembamba mno. Kwa lenzi ya 50 na kihisi kidogo, ukimlenga mtu aliye mita mbili kutoka kwako kwa f/1.8, kina cha sehemu hiyo ni sentimita 11 hivi. Jicho moja laweza kuwa wazi na sikio likawa ukungu. Kwa picha ya mtu mmoja hilo ni pambo. Kwa picha ya darasa zima lenye safu tatu ni msiba, kwa kuwa safu ya nyuma itafutika, na hakuna mwanafunzi apendaye kufutika. Picha za makundi zipigwe nje, kivulini, kwa f/5.6 au f/8.

Wapo pia wasemao kwamba siku hizi simu inatosha. Siibezi simu. Hata hivyo, mwanya wa simu, ingawa huandikwa f/1.8, umepimwa kwa urefu mdogo sana wa fokasi, na kihisi chake ni kidogo kuliko cha kamera kwa mbali. Mwanga ukipungua, simu hukisia kwa programu kile ambacho haikukiona. Isitoshe, katika shule nyingi za upili wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Kamera ya chama ndiyo jicho lao pekee.

Ama kuhusu michezo, nakiri kwamba lenzi ndogo haitamfikia mshambuliaji aliye katikati ya uwanja. Lakini itamfikia kocha pembeni, mchezaji wa akiba anayeuma kucha, na mashabiki wanaoimba. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mmoja wa wapiga picha waliosifiwa zaidi katika karne iliyopita, alitumia lenzi ya milimita 50 kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Hakuwavuta watu kwa lenzi, aliwaendea.

Na hilo la kuwaendea watu ndilo somo ambalo zumu ndefu haliwezi kulifunza. Mwenye lenzi ya urefu mmoja hulazimika kupiga hatua, kumkaribia mtu, kumtazama usoni na kumwomba ruhusa. Ruhusa si adabu pekee, ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Ni vyema mpiga picha chipukizi ajifunze mapema kwamba picha hupigwa mbele ya mtu, wala haiibwi kutoka mbali.

Nilimwambia mwalimu yule hayo yote. Alinijibu kwamba hawezi kuwaamulia wanachama, kwa maana fedha ni zao na kura ni yao. Alisema kweli. Ninawaomba basi, kabla ya kupiga kura hiyo, waingie katika ukumbi wao wa maakuli jioni, taa zikiwa zimewashwa, wamsimamishe mwenzao mmoja mahali pale alipotuzwa yule msichana, na wampige picha kwa kamera ile ile kuukuu, kwanza kwa zumu yao, kisha kwa lenzi ndogo ya kuazima. Wazitazame picha hizo mbili, ndipo waamue. Siku ya kuwatuza wanafunzi ya mwaka huu haiko mbali, na atakuwapo mama mwingine, amesimama kando ya bintiye.