Mkono Unaokanda na Haki ya Mwili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe.

Ama baad. Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja alinisubiri mlangoni mwa msikiti, uso umemsawijika. Mkewe alikuwa na siku 12 tangu ajifungue, na mamake kijana ndiye aliyekuja kumlea mzazi: kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga mkaja na kumsinga kwa mafuta ya nazi, kama alivyofanyiwa yeye na mkwewe zamani. Siku hiyo mguu mmoja wa mzazi ulikuwa umevimba, na shavu la mguu lilimuuma. Mama akataka kuuchua kwa nguvu ili damu itembee. Muuguzi waliyempigia simu akakataza, akawahimiza waende hospitali mara moja.

"Sheikh," akaniuliza, "nimtii nani, mama au muuguzi?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mpeleke mkeo hospitali kwanza, kisha urudi tuzungumze." Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyazungumza, kwa kuwa suala lake ni suala la nyumba nyingi.

Kukanda ni tiba

Asidhani mtu kwamba bibi zetu walikuwa wakipoteza wakati. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), aliutaja ukandaji katika kitabu chake Al-Qanun, katika mambo ya kuhifadhi afya. Akaupambanua pia: kusugua kwa nguvu hukaza mwili, na kusugua kwa upole huulegeza. Maana yake ni kwamba kukanda kuna kipimo chake, kama dawa yoyote.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986, huko Miami, Marekani, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipapaswa kwa utaratibu mara 3 kwa siku, kwa muda wa siku 10. Uzito wao uliongezeka kila siku kwa asilimia 47 zaidi kuliko wenzao wasiopapaswa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watu 401 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliokandwa mara moja kwa wiki kwa wiki 10 walipata nafuu kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida, ila ulipotimia mwaka tofauti hiyo ilikuwa imefifia sana. Na mwaka 2012, nchini Kanada, vijana 11 walifanyishwa mazoezi mazito, kisha kila mmoja akakandwa mguu mmoja tu. Misuli ya mguu uliokandwa ilionyesha dalili chache za uvimbe wa ndani.

Kwa hiyo tuseme kwa uadilifu: kukanda hulegeza misuli iliyokaza, hutuliza maumivu, huufanya moyo upunguze mbio, na humletea mtu usingizi. Mzazi anayenyonyesha usiku kucha hufaidika akikandwa mabega, mgongo na nyayo. Mzee ambaye viungo vimemkakamaa hufaidika akikandwa taratibu na kunyooshwa. Lakini kukanda hakung'oi mzizi wa kila maradhi, wala si badala ya daktari.

Pale mkono unapopasa kusita

Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa na joto au ukabadilika rangi, usichuliwe kabisa. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hatari hiyo huzidi kwa mjamzito na kwa mzazi aliye ndani ya arubaini. Pande la damu likisukumwa na mkono laweza kung'oka, likasafiri mpaka mapafuni na kuua ghafla.

Tumbo la mjamzito lisiminywe wala lisisukumwe kwa nia ya kumgeuza mtoto, kwani kondo la nyuma laweza kubanduka na mama akamwaga damu. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo mpaka kidonda kipone na daktari aruhusu. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia nyayoni asikandwe kwa maji ya moto, maana ataungua naye hajui. Na mtoto mchanga apapaswe kwa upole tu. Asikamuliwe matiti, asifinyangwe kichwa, wala asitiwe mafuta puani, kwa kuwa mafuta hayo huweza kumwingia mapafuni.

Dhamana ya mkandaji

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu pasi na kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mafundisho haya yanamhusu kila anayeushika mwili wa mwenziwe. Mkandaji mjuzi huuliza kabla ya kugusa: una mimba? Una kisukari? Ulipasuliwa lini? Panauma wapi? Wala haoni haya kusema, "Hili si langu, nenda hospitali." Kauli hiyo haimpunguzii heshima yake.

Sitara nayo izingatiwe. Mwanamke akandwe na mwanamke, na hata baina yao utupu ulio kati ya kitovu na magoti usifunuliwe ila kwa dharura ya tiba. Ama mume na mke, hao mlango wao uko wazi. Mume anayemkanda mkewe miguu baada ya kutwa ya kazi anatenda wema, na wema huo una ujira.

Na je, kijana yule alimwasi mamake? La. Utiifu kwa wazazi ni katika mema, na hakuna wema katika jambo lenye madhara. Kinachotakiwa ni kauli laini. Nilimshauri asimwambie mamake kwamba amekosea, bali amwombe wafuatane pamoja hospitalini, asikie kwa masikio yake.

Walifuatana. Ilibainika kuwa damu ilikuwa imeganda mguuni, na mzazi akaanzishwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Nilipokwenda kuwajulia hali, nilimkuta mama yule ameketi nyuma ya mkaza mwanawe, akimkanda mabega kwa mafuta ya nazi. Alikuwa ameshamuuliza daktari, naye ameruhusu. Aliniambia, "Sheikh, mkono huu umelea wazazi wengi, na mguu kama ule sikuwahi kuambiwa habari yake. Sasa nitawaambia wenzangu."

Nasi tuwaambie wenzetu. Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya, na aijaalie mikono yetu iwe ya kuponya. Amin.